Mbuzi ya Bi Mwanapili

Mnamkumbuka Waziri Chirau. Ndiye yule aliyefukuzwa kazi katika mashamba ya miwa ya Ramisi kwa kusinzia juu ya magunia ya sukari, akaamka sisimizi wamemvaa mwili mzima, akatimka mbio saruni mkononi mbele ya msimamizi na wageni wake. Ndiye aliyefuga kuku Tiwi, wakafa wote siku moja kabla ya Idi.

Wiki iliyopita tuliona bahati ikimwonyesha meno. Kamati ya mji mdogo wa Mwandamo, pale katikati ya Msambweni na Ramisi, ilimwajiri awe karani wa viwanja mahali pa Mzee Katana aliyekuwa anastaafu. Akapewa kofia ngumu, muhuri na ramani. Akahamia mtaa wa Kisimani na mkewe Esha, akadhani balaa zake zimekwisha.

Hazikuwa zimekwisha. Zilikuwa zinakuja kwa injini.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, mwaka ule wa 1956, Waziri alikuwa ameketi mkekani asubuhi na kikombe chake cha chai ya tangawizi. Mara ardhi ikanguruma.

Tuku-tuku-tuku-tuku.

Chai ikatikisika kikombeni. Sahani za Esha zikaanza kucheza rafuni. Moja ikajongea, ikajongea, ikafika ukingoni, ikaanguka chini ikapasuka.

"Ile ilikuwa ya harusi," Esha alisema.

Esha alipokuwa radhi alimwita mume wangu. Alipokasirika alimwita kwa cheo.

"Bwana Karani, hicho ni nini?"

Waziri akatoka nje. Hatua arobaini kutoka mlangoni pake, nyuma ya nyumba ya Bi Mwanapili, bomba la chuma lilikuwa limechomoza juu ya makuti, linatema moshi mweusi. Mbata zilikuwa zinaingia upande mmoja, mafuta ya nazi yanatoka upande wa pili, na mtaa mzima unanuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

"Ni mtambo wa kukamulia mafuta," alisema.

"Na ramani yako inasemaje?"

Ramani yake ilikuwa na rangi mbili. Kijani palikuwa mahali pa nyumba za watu. Nyekundu, kule nyuma ya mji kuelekea Ramisi, palikuwa mahali pa mitambo, matanuu ya chokaa na kila chenye moshi na kelele. Sheria yenyewe ilikuwa ya mstari mmoja tu: katika kijani pasiwe na mtambo wowote.

Kisimani kulikuwa kijani. Kijani kibichi kabisa.

"Basi vaa kofia yako," Esha alisema, akiokota vipande vya sahani.

Bi Mwanapili alikuwa mjane wa miaka hamsini. Miaka thelathini alikuwa amekamua mafuta ya nazi kwa mikono yake, mpaka vidole vikagoma kunyooka. Mwaka ule akanunua injini kuukuu iliyokuwa ikivuta maji mashambani, akamwajiri Jefwa, fundi mmoja mrefu wa Kigiriama, aje kuifunga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umevaa kofia, kuna nini?"

"Kuna sheria."

"Na sheria nayo ikaribie. Keti, ule kwanza."

Akamletea mkate wa sinia. Waziri alijua kwamba karani akila kwa mtu hawezi tena kumkaripia. Alikula vipande viwili.

"Bi Mwanapili," alisema akijifuta midomo, na ilimbidi apaze sauti kwa vile injini ilivyokuwa inanguruma, "mtambo huu hauruhusiwi hapa!"

"Mtambo upi?"

"Huu!"

"Ah! Huu si mtambo, mwanangu. Hii ni mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi ya kukunia nazi. Nyumba gani hapa Kisimani haina mbuzi? Mkeo hana? Yangu imekua kidogo tu."

"Mbuzi ya kukunia haitoi moshi!"

"Basi ni yule mbuzi mwingine. Nisomee sheria ya mifugo."

Waziri alikuwa na udhaifu mmoja: akiambiwa asome, husoma. Akafunua kitabu chake. "Kila nyumba katika kijani yaruhusiwa kufuga mbuzi mmoja, si zaidi."

"Wangu ni mmoja. Hesabu mwenyewe."

"Lakini mbuzi ana miguu minne!"

Jefwa, aliyekuwa ameinama anatia grisi, hakuinua hata kichwa. Alinyoosha kidole chini ya injini. "Na huyu anayo minne, bwana. Nimeikaza mwenyewe."

Waziri akabandika ilani yake mlangoni na kuondoka kwa hasira. Kabla hajavuka ua, mlango ulikuwa umetikisika hata ilani ikajidondokea yenyewe.

Siku ya Ijumaa, baada ya sala, watu wa Kisimani walimzunguka nje ya msikiti. Aliyesema kwa niaba yao alikuwa Maalim Abdurahman, mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye madarasa yake yalipakana na ua wa Bi Mwanapili.

"Waziri, mwanangu," Maalim alisema, "watoto wangu sasa wanasoma kwa mapigo ya ule mtambo. Jana fundi aliuzima atie mafuta, na chuo kizima kikanyamaza. Nikauliza, kulikoni? Wakaniambia, Maalim, tunangoja uwake."

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kichungu. Mmoja akasema nguo zake nyeupe sasa ni za kijivu. Mwingine akasema mama yake mgonjwa halali mchana wala hapumui vizuri kwa masizi.

Waziri akawatazama. Walikuwa wakimtazama yeye. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumtazama hivyo, isipokuwa siku ile ya sisimizi, na siku ile ilikuwa kwa sababu nyingine.

Akapanda juu ya kibaraza.

"Alhamisi kamati inakaa!" alisema. "Jua la Alhamisi likitua mtambo ule haujazimwa, kofia hii nitaivua mbele yenu!"

Wakampigia makofi. Mtu mmoja akaita, "Huyu ndiye Waziri wetu!" na kwa mara ya kwanza jina lile halikusikika kama mzaha.

Alhamisi, ukumbi wa kamati ulijaa hata madirishani. Mwenyekiti, Bwana Dzombo, mtu mnene mwenye miwani isiyomfaa, alikalia kiti kikubwa. Waziri akasema maneno ya nusu saa. Aliitandaza ramani, akaonyesha kijani, akaonyesha nyekundu, akaeleza moshi, akaeleza masizi, akaeleza sahani ya harusi. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Bi Mwanapili," Dzombo aliuliza, "una la kusema?"

Bi Mwanapili akasimama. Akaingiza mkono katika fundo la leso yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Lakini mwezi wa Ramadhani niliandikiwa ombi, nikaliweka kwenye dirisha la ofisi yenu. Kesho yake nikalichukua lina muhuri. Nikaambiwa muhuri maana yake ndiyo. Ndipo nikanunua mbuzi."

Dzombo akaisogeza karatasi puani. "Kiwanja nambari kumi na saba, Kisimani. Mtambo wa kukamulia mafuta. Imekubaliwa." Akaigeuza huku na huku. "Sahihi ya nani hii? Kama kuku aliyevunjika mguu."

Karatasi ikapitishwa mkono kwa mkono. Ilipomfikia Waziri, akaisogeza karibu na macho.

Ilikuwa sahihi yake.

Akaikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa wiki yake ya kwanza kazini, mchana wa Ramadhani, saa kumi na moja, kichwa chepesi kwa njaa, harufu ya maandazi inaingia kutoka kwa jirani, na mbele yake rundo la karatasi kumi na nne. Alizitia sahihi zote bila kusoma hata moja, akakimbilia futari.

"Karani wetu hawezi kuwa ndiye!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Huyu ndiye anayeupiga vita mtambo. Ni Mzee Katana huyo! Si alikuwa bado anakuja ofisini akimwonyesha kazi?"

"Ndiyo! Katana! Macho yamemwisha yule!"

Dzombo akageuka. "Waziri, sahihi hii ni yako?"

Watu mia wakamtazama kwa mapenzi.

"Mimi?" Waziri alisema. "Mimi niliyesimama hapa nusu saa nzima nikiupinga?"

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Lakini watu walisikia hapana, naye akawaacha waisikie.

"Basi ni wazi," alisema Dzombo. "Mwezi ule Katana alikuwa ameshakabidhi kazi, hakuwa na uwezo wa kutia sahihi. Kibali hiki ni batili. Mtambo ufungwe leo. Na Katana ataitwa wilayani Kwale akaeleze kwa nini aliutumia muhuri usio wake."

Jefwa akaizima injini, ikatiwa mnyororo na kufuli. Kisimani kukawa kimya hata ukasikia majogoo ya mtaa wa pili. Jioni ile ikaletwa pilau nyumbani kwa Waziri, sinia tatu. Waziri hakula hata punje moja.

Jumapili alasiri akasikia hodi. Alikuwa Mzee Katana, na fimbo yake, na kanzu iliyopigwa pasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukaa." Akakaa. "Nimeletewa barua ya kwenda Kwale. Jumanne ijayo. Nimewaza siku tatu. Nimejaribu kuikumbuka karatasi ile ya Mwanapili, siikumbuki kabisa. Miaka ishirini na sita sijatia sahihi kitu nisichokisoma."

Waziri alitazama mkeka.

"Lakini watu wote wanasema ni mimi," mzee aliendelea polepole. "Mia nzima hawawezi kukosea. Kwa hiyo nadhani kichwa changu kimeanza kwenda. Asubuhi nilikwenda kwa Maalim kuomba radhi. Sasa nimekuja kwako. Nimekuharibia kazi ungali mgeni. Nisamehe."

"Mzee, usiseme hivyo."

"Niache niseme nikiwa bado nakumbuka."

Akainuka, akapapasa fimbo yake, akaondoka. Pale njiani alisimama kidogo, akatazama kushoto na kulia, kama mtu ambaye haamini tena kwamba njia ya kwao ni ile.

Waziri alipogeuka, Esha alikuwa amesimama mlangoni.

"Karatasi ile ilipita mpaka kwetu wanawake," alisema. "Ile herufi ya mwisho ina mkia mrefu kama wa samaki taa. Naujua mkia ule. Ulikuwa kwenye barua yako ya posa."

Waziri akaketi kitako. "Umejua tangu Alhamisi?"

"Tangu Alhamisi."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe." Akaitazama rafu yake. "Na sahani zangu zilikuwa zimetulia. Na mimi nina kosa langu, usidhani."

"Esha, nikisema, kibali kitakuwa halali. Mtambo utarudi."

"Utarudi."

"Nitavuliwa kofia."

"Utavuliwa."

"Mtaa mzima utanichukia."

"Si mzima. Mzee Katana hatakuchukia." Akakaa karibu naye. "Umefukuzwa Ramisi, nilikuwa nawe. Kuku wamekufa, nilikuwa nawe. Lakini mume wangu, mzee akienda Kwale Jumanne kuikubali dhambi isiyo yake, sijui nitakaa vipi na wewe kwenye mkeka mmoja."

Alimwita mume wangu. Hilo ndilo lililommaliza.

Jumatatu akamwendea Dzombo aite watu. Watu wakaja wakicheka, wengine na watoto, wakidhani wameitwa kumtuza karani wao. Maalim Abdurahman alikuwa ameandaa dua fupi. Bi Mwanapili alikaa kando peke yake, vidole vyake vilivyopinda vimelala mapajani. Mzee Katana alikaa mstari wa nyuma.

Waziri akasimama. Akaiweka kofia mezani.

"Sahihi ile ni yangu," alisema.

"Niliitia mimi, saa kumi na moja, Ramadhani, bila kusoma. Zilikuwa karatasi kumi na nne. Sijui hata hizo kumi na tatu zinasema nini. Mzee Katana hakuigusa. Kichwa chake ni kizima kuliko changu. Alhamisi niliulizwa, nikaogopa, nikamwachia yeye mzigo. Nimekosa kwake, nimekosa kwenu."

Ukumbi ukalipuka. Mmoja akamwita mnafiki, mwingine akadai arudishe pilau. Yule aliyeita "Waziri wetu" sasa alikuwa akiuliza kwa sauti kwa nini mtu wa namna hii aliitwa Waziri hata kidogo. Maalim akaikunja dua yake akaitia mfukoni.

Ila nyuma kabisa, Mzee Katana alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, analia na kucheka kwa pamoja. "Niliwaambia!" alimwambia jirani yake. "Si nilikwambia? Miaka ishirini na sita!"

Dzombo akagonga meza. "Barua ya Kwale imefutwa. Karani, kofia yako itabaki hapa mpaka kamati iamue. Na kibali," akapumua, "kibali ni halali. Kimetiwa sahihi na karani mwenye uwezo, na kamati haiwezi kukivunja. Bi Mwanapili, fungua mtambo wako."

Watu wakaguna. Bi Mwanapili akasimama. Waziri alingoja amcheke, na alijiona anastahili.

"Nimeshinda," Bi Mwanapili alisema. "Mbuzi yangu ni halali."

Akatazama huku na huku, kama anayetafuta mtu wa kumshangilia. Hapakuwa na mtu.

"Haya. Na mimi niseme langu, maadamu leo ni siku ya kusema." Akavuta leso yake mabegani. "Nyinyi mnalalamika mko hatua arobaini, hatua hamsini. Mimi kitanda changu kiko hatua sita. Tangu injini ile iwake sijalala mchana hata lepe moja. Kuku wangu hawatagi. Meno yangu yanauma. Siku nne hizi ilipofungwa, nimelala kama mtoto mchanga. Nikawa naomba Mungu msije mkaifungua."

Kicheko kilianza dirishani, kikaenea ukumbi mzima.

"Sasa mbona hukuihamisha?" Dzombo aliuliza.

"Mlikuja na kofia na sheria. Hakuna aliyeniomba. Na hakuna hata mmoja katika mji huu aliyewahi kukiri kosa lake mbele yangu, ila huyu." Akamnyooshea Waziri kidole kilichopinda. "Nitaihamisha. Nipeni mahali penye nyekundu. Lakini huyu ndiye atakayeivuta, kwa mikono yake, na atauchimba msingi mpya. Na nyinyi mnaolalamika mje na kamba zenu."

Jumamosi asubuhi wakaja. Jefwa aliifungua injini miguu yake minne, wakailaza juu ya magogo ya minazi. Waziri, kichwa wazi bila kofia, alishika kamba ya mbele. Nyuma yake wakajipanga watu thelathini, hata yule aliyetaka pilau irudishwe. Maalim Abdurahman akawa anawaitia mapigo.

"Vuta!"

"Haya!"

"Tena!"

"Haya!"

Ilikuwa kazi ngumu, na ilikuwa raha. Kila walipopita watu walitoka kutazama. Mzee Katana alitembea kando na fimbo yake, akimwelekeza kila mtu, na hakuna aliyethubutu kumwambia amekosea njia. Waziri alikuwa na malengelenge viganjani na tope hadi magotini, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alijisikia mwepesi namna ile.

"Bi Mwanapili," alimwambia alipopumzika, "nisamehe. Nilikutia hasara."

"Vuta kamba, mwanangu," alisema Bi Mwanapili, lakini alimpa maji yeye wa kwanza.

Karibu na adhuhuri wakafika kwenye nyekundu. Maji ya masika yalikuwa hayajakauka, sehemu yote ya mbele ilikuwa dimbwi. Jefwa akatangulia kutafuta ardhi ngumu, akapiga mluzi kutoka nyuma ya miti ya mikanju.

"Huku juu! Pako sawa kabisa!"

Wakavuta mpaka huko. Pale kilimani, gogo la mwisho likasimama, na kila mtu akasimama nalo.

Mbele yao kulikuwa na nyumba.

Nyumba mpya, makuti yangali ya kijani. Jiko linafuka. Kamba ya nguo imefungwa kati ya mikanju miwili. Na mlangoni, mwanamke kijana mwenye uso wa furaha, anapangusa mikono.

"Karibuni, karibuni! Mbona wengi hivi? Mmetumwa kunimalizia kuta?"

Waziri alijikuta akisema kwa ile sauti yake ya kazi. "Dada, hapa ni nyekundu. Hapakai watu. Hapa ni mahali pa mitambo. Wewe nani?"

"Naitwa Kahaso, kwetu Kinango. Nimehamia wiki ya pili hii. Na ruhusa ninayo."

"Umepewa na nani?"

"Na mume wangu." Akatabasamu kwa fahari. "Yeye ndiye anayegawa viwanja vyote vya Mwandamo. Bwana Dzombo."

Jefwa akaiangusha spana. Maalim Abdurahman akasema "La haula" kwa sauti ndogo. Watu thelathini wakatazamana, kwa kuwa Mwandamo nzima ilijua kwamba Bwana Dzombo ana mke mmoja tu, na kwamba mke huyo ndiye aliyejitolea kupika chakula cha wavutaji kamba.

Vigelegele vikasikika njiani.

Wanawake walikuwa wanapanda kilima na masinia kichwani, Esha kati yao. Aliyetangulia alikuwa Mama Suleiman, mke wa Dzombo, amepika tangu alfajiri na anatabasamu kwa kila mtu. Mbali nyuma yao, mtu mnene juu ya baiskeli alikuwa anakanyaga kwa nguvu zake zote, anapunga mkono, anaita kitu kisichosikika.

"Wale nao ni nani?" Kahaso aliuliza. "Niongeze chai?"

Mama Suleiman akatua sinia. Akaitazama nyumba. Akalitazama jiko. Kisha akaitazama kamba ya nguo, ambako kanzu moja kubwa ilikuwa inapepea, yenye nakshi ya shingo iliyodariziwa kwa mkono. Akaisogelea, akaishika ile nakshi, akaipitisha vidoleni uzi kwa uzi, kama mtu anayeisoma kazi yake mwenyewe.

Alipogeuka hakumtazama Kahaso. Hakumtazama Maalim. Alikuja moja kwa moja mpaka kwa mtu mwenye tope magotini na kamba mkononi.

"Waziri, mwanangu," alisema kwa upole. "Nasikia wewe siku hizi huwezi tena kuficha neno. Niambie. Nyumba hii ni ya nani?"

Baiskeli ilikuwa inakaribia. Waziri akafungua kinywa.